Shevroleti ya Bonaventura

Jua lilipochungulia juu ya milima ya Amani, Bonaventura alikuwa ameshaanza kazi. Kwaru, kwaru, kwaru, sauti ya majani makavu ya msasa kwenye bati ilimfikia Josefina kitandani, na kama asubuhi zote za kiangazi kile kirefu, kwa kitambo kidogo alidhani ni mvua inagusa nyasi za paa. Hakufungua macho upesi. Aliiacha inyeshe kwanza. Inyeshe kwenye mahindi yaliyokauka, inyeshe kwenye bonde lote la Lwengera mpaka kule Handeni ambako watu walikuwa wanakuja kwa miguu kutafuta mihogo. Kisha alifungua macho, na mlango ulikuwa na mwanga mweupe mkavu, na mvua ilikuwa ni mume wake tu anakwangua kutu.

Alimkuta nyuma ya nyumba, amepiga magoti kando ya Shevroleti. Gari lile lilikaa chini ya banda la nyasi tangu siku Mgiriki mwenye shamba la mkonge alipofunga virago. Serikali ilikuwa imechukua shamba, naye Mgiriki akamkabidhi dereva wake Bonaventura funguo, akampa mkono, akapanda gari la rafiki yake kwenda bandarini Tanga. Injini ilikuwa imekufa siku nyingi. Maji ya mkonge, ambayo hula chuma kama mchwa wanavyokula mti, yalikuwa yameshaanza kulitafuna chini kwa chini, na miaka ya kukaa bandani ikamalizia. Madigadi yalikuwa na matundu ya kupita ngumi. Sakafu ya mbele ilikuwa imetoka vipande vipande.

"Mama Hilaria," alisema Bonaventura bila kugeuka, "ukwaju uko wapi?"

Josefina alitabasamu. Amemjua. Basi siku imeanza vizuri.

Tangu masika ya mwaka juzi, akili ya Bonaventura ilikuwa inatoka na kurudi, kama mgeni asiyejua kama atalala au ataondoka. Angeweza kumtazama binti yake Hilaria akamwuliza ametoka ukoo gani. Angeweza kusimama barabarani mchana kutwa, kofia mkononi, akimngoja Bwana, yule Mgiriki. Lakini kutu hakuisahau. Mikono yake ilipokuwa kwenye bati, akili nayo ilirudi ikakaa naye, na alikuwa Bonaventura yule yule mwenye maneno machache, aliyejua jina la mkewe na jina la kila ng'ombe ambaye baba yake aliwahi kufuga.

Kwa hiyo Josefina naye alikwangua. Alikwenda porini kuchuma majani ya msasa, kwa kuwa msasa wa dukani haukuwepo, kama vile sukari na sabuni zilivyokuwa hazipo. Aliloweka ukwaju kwenye debe. Bonaventura aligonga bati kwa nyundo ndogo, akatega sikio. Palipooza, sauti ilikufa papo hapo. Palipo na uzima, chuma kililia. Hapo walikwangua mpaka vumbi jekundu likawapanda viwiko, wakapaka maji ya ukwaju, wakangoja kutu igeuke nyeusi na kulainika. Kisha brashi ya waya, kisha kitambaa, na mwisho kabisa oili chafu, nyembamba, kama mtu anayempaka mtoto mafuta.

"Usiwe na haraka ya oili," Bonaventura alimwambia, maana Josefina alikuwa na haraka. "Ukipaka kabla hujakiona chuma chenyewe, unaifunika kutu shuka ilale vizuri."

"Na tukikiona?"

"Tutakipumzisha." Alifikiri. "Injini tutaitafuta baadaye."

Walifanya kazi hivyo bega kwa bega, na ukungu ulitelemka kutoka milimani ukapita juu yao bila kuacha tone. Josefina alihisi kwamba hayuko kijijini Mashewa wala popote. Palikuwa na sauti ile tu, na rangi nyekundu, na pumzi ya mume wake karibu na sikio lake.

Hilaria, binti yao pekee, aliyekuwa bado hajaolewa, hakuiona raha hiyo. Alirudi saa nne kutoka shamba la kijiji akaketi kizingitini, akafungua viganja vyake. Vilikuwa vimechubuka.

"Jembe limekatika tena?" Josefina aliuliza.

"Halikukatika. Limekwisha. Mama, jembe lile limelika limekuwa kama kijiko. Leo nusu yetu tumechimba mashimo kwa miti iliyochongwa. Mabalozi wa nyumba kumi wanapiga kelele kilimo cha kufa na kupona, sisi tunachimba kwa miti." Alitazama bandani. "Na ukwaju huo, mama, ungetosha uji wa siku mbili."

"Baba yako ameniita kwa jina leo."

"Nami ninafurahi," Hilaria alisema, na machozi yalikuwa karibu. "Lakini mimi nina njaa."

Jioni ile lori la unga lilifika kutoka stesheni ya Korogwe, na Josefina akapanga foleni na kikapu chake. Ulikuwa unga wa njano, ule uliokuja kwa meli, watu waliouita yanga. Mwanamke mmoja mbele yake aligeuka akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Hata wenye magari wanapanga foleni?" Watu walicheka. Mwingine akaongeza, "Kupe hao. Wamemnyonya Mgiriki mpaka gari." Wakacheka zaidi. Josefina alipokea unga wake, akaangalia chini njia nzima, na vumbi la kutu kwenye kucha zake lilimfanya afiche mikono ndani ya kanga.

*

Siku chache baadaye, Semboja, mwenyekiti wa kijiji, alifika pamoja na mtu mrefu mwenye makovu ya moto mikononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibuni."

"Huyu ni Mwinjuma, Mzigua wa Kang'ata. Ni mfua chuma. Alihamia kwetu wakati wa Operesheni Vijiji, karakana yake iko kule chini mtoni."

Kabla Josefina hajawatafutia vigoda, Bonaventura alikuwa amesimama wima kando ya gari. Alivua kofia. Alifungua mlango wa nyuma, na mlango ule, baada ya kazi yote, ulifunguka bila kulia.

"Karibu Bwana," alimwambia Semboja. "Tunakwenda Korogwe au Tanga leo? Viatu usijali, nitavifuta."

Semboja alitazama viatu vyake vya matairi vilivyojaa vumbi. Mzee huyu alimfahamu tangu yeye Semboja akiwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Uso wake ulijaa aibu ambayo hakujua aiweke wapi.

"Leo sisafiri, mzee," alisema mwishowe, taratibu.

"Sawa Bwana." Bonaventura alifunga mlango kwa adabu, akarudi kupiga magoti.

Josefina alitamani ardhi ipasuke. Lakini Mwinjuma hakuwa anamtazama mtu. Alikuwa ameinama chini ya gari, ametoa nyundo kiunoni. Aligonga chasisi mbele, akagonga katikati, akagonga nyuma. Ililia mahali pote, sauti ndefu na safi.

"Nani ameitunza hivi?" aliuliza.

"Sisi," alisema Josefina.

"Ile ya lori bovu kule kiwandani niliigonga ikamomonyoka mkononi kama mkate." Alisimama, akajifuta magoti. Kisha akamtazama Semboja, na Josefina akajua kilichowaleta.

Semboja alizungumza akiwa ameinamisha kichwa. Majembe yaliyoahidiwa kutoka wilayani hayajafika, na hakuna anayejua kama yatafika. Wazee wanasema mvua iko njiani. Ikinyesha kabla ya majembe, basi mwakani watu watazikana. Chasisi ile ingetoa majembe, springi zingetoa mapanga na mashoka.

"Siwezi kukulazimisha, mama. Nimekataa kufanya hivyo mkutanoni. Lakini kuna wanaosema kijiji cha ujamaa hakiwezi kuwa na mtu mwenye gari."

"Gari lisilokwenda?"

"Hata lisilokwenda, mama."

Josefina alimtazama mume wake, aliyekuwa anapuliza vumbi kutoka kwenye ukingo wa mlango.

"Semboja mwanangu," alisema. "Gari hili ndilo linalonirudishia mume wangu asubuhi. Mkilichukua, asubuhi nitazungumza na nani?"

Mwenyekiti aliaga. Mwinjuma alibaki nyuma hatua chache, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, mimi sikatai kazi, wala simpokonyi mtu mali yake. Ukiamua, utanikuta." Naye akaondoka.

*

Mambo yakabaki hivyo mpaka siku ya uji.

Kilikuwa kibakuli cha mwisho cha yanga ndani ya nyumba. Lori halikuwa limerudi. Josefina alikoroga uji, akautia ukwaju uliobaki ili uteleze kooni, akauacha upoe kwenye sufuria nje ya jiko. Alikwenda kisimani. Hilaria alikuwa shambani. Aliporudi na ndoo kichwani, alisikia kwaru, kwaru, akaona sufuria haipo.

Bonaventura alikuwa ameumwaga uji wote kwenye digadi la mbele. Uji ulitiririka taratibu kwenye bati, ukadondoka mchangani, na yeye aliusambaza kwa kiganja, kwa uangalifu ule ule, asiache pembe hata moja.

"Huu ni mzito," alisema, ameridhika. "Huu utashika vizuri."

Josefina aliishusha ndoo. Hakupiga kelele. Hilaria ndiye aliyepiga, maana alikuwa amefika nyuma yake. Alipiga kelele moja tu, kisha akapiga magoti akaanza kukomba uji kutoka kwenye bati kwa vidole vyake vilivyochubuka, na uji ulikuwa umeshageuka mwekundu kwa kutu. Akautazama. Akalia kama ambavyo hakuwa amelia tangu utotoni.

Bonaventura alishtuka. Alimtazama yule msichana, akamtazama Josefina. "Huyu binti wa watu ana nini?" aliuliza. "Mpe chakula, mama. Nadhani ana njaa."

Siku ile walikunywa maji. Mchana Josefina alijilaza bandani, chini ya gari, kwenye mchanga uliopoa. Juu yake chasisi ilipita kama mhimili wa nyumba, nyeusi, inang'aa kwa oili. Hapa alikuwa amekwangua yeye. Pale alikuwa amekwangua mume wake. Alijua kila kovu la chuma kile. Macho yalimzidi, akasinzia, na kati ya usingizi na kuamka akaona kwamba chuma kile kinapumua, kinapanda na kushuka polepole, na kwamba hakimhitaji tena. Kimekwisha kusafishwa. Alipoamka, hakukumbuka wakati alipoamua, lakini alikuwa ameamua.

Alijifunga kanga akaenda kwa Semboja.

"Lichukueni," alisema. "Ila siyo nyumbani kwangu. Hamtalivunja mbele yake. Litashuka mtoni kwa magurudumu yake yenyewe, na yeye ndiye atakayeliendesha."

"Matairi yameoza, mama."

"Tieni nyasi."

*

Vijana walijaza matairi nyasi kavu na makapi ya mkonge, wakayashindilia mpaka yakasimama. Waliotoka jasho zaidi ni wale waliokuwa wakicheka kwenye foleni. Hilaria alifua shati jeupe la baba yake bila sabuni, akalianika kwenye majani. Bonaventura alizunguka gari na kitambaa, akafuta palipokuwa safi, akajaribu breki ya mkono ambayo mwenyewe alikuwa ameitoa kutu. Ilishika.

Kisha alivaa kofia, akaja mpaka aliposimama Josefina, akafungua mlango wa nyuma.

"Karibu, Memsabu."

Josefina alilijua jina hilo, ndilo alilokuwa akiitwa mke wa Mgiriki. Watu walikuwa wanatazama. Alitaka kusema, ni mimi, Baba Hilaria, tazama vizuri. Lakini uso wa mume wake ulikuwa umetulia, mkono wake umeshika mlango kwa heshima, naye alingoja kama aliyekuwa tayari kungoja mpaka jioni. Josefina alishika ukingo wa kanga yake akaingia. Kiti kilimpokea kwa kushuka. Kilinuka ngozi kuukuu na mavumbi. Katika miaka yote ile, akiwa mke wa dereva na baadaye mke wa mwenye gari, hakuwahi kuketi humo hata mara moja.

Vijana walisukuma. Kwa muda gari lilikataa, kisha mteremko ukalichukua.

Hapakuwa na ngurumo ya injini. Palikuwa na upepo tu, na nyasi ndani ya matairi zikinong'ona. Nyumba za kijiji, zilizojengwa kwa mstari wakati wa Operesheni, zilipita moja baada ya nyingine. Wanawake walisimama na vibuyu vyao. Hakuna aliyecheka. Yule wa foleni ya unga aliinua mkono nusu, kama anayetaka kupunga lakini haamini. Josefina aliyaona hayo yote kupitia dirisha lisilo na kioo, na ilikuwa kana kwamba kijiji ndicho kinachosafiri na yeye amekaa.

"Memsabu," alisema Bonaventura, macho mbele. "Samahani. Nina neno."

"Sema, Bonaventura." Jina lile Josefina hakuwa amelitamka tangu Hilaria alipozaliwa.

"Nina mke. Anaitwa Josefina. Yuko hapa hapa Mashewa." Aligeuza usukani kidogo kulikwepa jiwe. "Mimi nalala Tanga, nalala Lushoto, naye yuko na shamba na watoto. Hanung'uniki. Nilikuwa nasema, kama kuna Jumapili isiyo na safari, nimpakie humu. Kidogo tu. Petroli wanikate kwenye mshahara."

Kwenye kioo kidogo cha mbele Josefina aliyaona macho ya mume wake. Yalikuwa na woga wa kijana.

"Mbona hukusema siku zote hizi?"

"Niliogopa."

"Uliogopa Bwana atakataa?"

"Hapana, Memsabu. Kukataa ni kawaida yake. Niliogopa akishakataa, nitarudije nyumbani nimtazame mke wangu."

Mto ulikuwa unaonekana sasa, na moshi wa karakana ya Mwinjuma. Josefina alitaka mteremko usiishe. Alitaka kuinama mbele amguse bega. Hakumgusa, maana Memsabu asingemgusa.

"Mchukue," alisema. "Jumapili hii. Mpeleke popote anapotaka, na usiwe na haraka ya kurudi."

Mabega ya Bonaventura yalishuka, kama mtu aliyetua mzigo wa siku nyingi. Gari lilifika kwenye mchanga wa mtoni, likapungua, likasimama lenyewe. Alivuta breki. Alishuka, akazunguka, akamfungulia mlango.

Mwinjuma alikuwa anangoja, amevaa shati safi. "Hongera kwa safari, dereva," alisema. "Tuachie gari hapa. Ni zamu yake ya sevisi."

"Msipake oili kabla hamjakiona chuma."

"Tumekiona, mzee. Kiko safi."

Bonaventura alimkabidhi funguo. Josefina alimshika mume wake mkono, wakapanda kilima pamoja, na walipokaribia nyumbani nyundo zilianza kusikika huko nyuma. Alimtazama. Yeye hakugeuka.

*

Mvua ilinyesha. Haikuwa nyingi, lakini ilifika wakati majembe ya Mwinjuma yameshapewa mipini, meusi na mazito kuliko ya dukani, na kijiji kizima kiliingia shambani. Hilaria alipewa la kwanza. Watu walianza kumwita Josefina mama tena, bila neno la gari. Yule mwanamke wa foleni alimletea mbegu za kunde kwenye ungo, akaziweka, akaondoka.

Asubuhi zilikuwa ngumu. Bonaventura alikwenda bandani, akasimama kwenye mraba wa mchanga mkavu palipokuwa na gari, mikono ikining'inia. Josefina alimpa visu vya jikoni akwangue. Akampa sufuria. Aliviacha. Baadhi ya siku hakumwita mtu yeyote kwa jina lolote, na Josefina alikaa naye kizingitini akimwambia majina ya ng'ombe wa baba yake, akisahau baadhi, na hakuna aliyemsahihisha. Alilia mara nyingine jikoni, moshi ukiwa kisingizio.

Kisha siku moja, mahindi yakiwa yamefika magotini, Josefina alikuwa anapalilia aliposikia mtu anakuja mbio mbio kati ya mistari. Bonaventura alikuwa amevaa shati jeupe. Miguu ilikuwa na tope hadi kwenye vifundo, na alihema.

"Josefina!" aliita. "Josefina, Memsabu amekubali!"

Josefina alinyoosha mgongo.

"Amekubali nini?"

"Nikupakie. Jumapili. Sikukuambia kwamba nitamwomba, niliogopa, lakini nimemwomba, na amekubali. Amesema nikupeleke popote unapotaka." Alikuwa anacheka kama hajawahi kuumwa. "Unataka wapi?"

Josefina aliangalia mahindi, kisha milima, ambayo mawingu yalikuwa yameilalia. Alifikiri kweli kweli, kama mtu aliyeulizwa jambo linalowezekana.

"Stesheni ya Korogwe," alisema. "Nikaone treni inavyoingia."

"Basi stesheni. Baada ya misa. Uwe tayari."

"Nitakuwa tayari. Nitavaa viatu."

Aliridhika, akageuka kurudi nyumbani akijisemea. Habari ile aliileta tena kesho yake, na siku nyingi za msimu ule, kila mara akihema, kila mara kama imetoka kutokea. Na kila alipoileta, Josefina aliweka jembe chini akamsikiliza mpaka mwisho.